Nguzo ya Tatu ya Daraja la Majirani

Mgeni rasmi, Mhandisi Kitonga, wazee wetu, wazazi, na wanafunzi mliopanga mstari mkingoja kuvuka:

Karibu Kitengela. Sisi wanachama wa Klabu ya Majirani tumefurahi kukuona, na pia tunaogopa. Tunakuomba utusikilize hadi mwisho kabla hujashika mkasi.

TULIKOTOKA

Klabu ilianza miaka sita iliyopita, tukiwa wapangaji na wafugaji ishirini na wawili tuliochoka kulalamika. Wengi wetu tumeajiriwa Nairobi, kwa hivyo kazi ya klabu ni Jumamosi tu. Tena tuna desturi moja: mwanachama akifiwa, tunaenda wote, hata kama ni mbali namna gani.

TULIYOFANYA

Tumezibua mitaro na kuchimba vyoo vya shule. Miti tuliyopanda, mbuzi walikula mingi. Lakini tulichojivunia zaidi ni hili daraja la miguu. Kabla yake, mvua ikinyesha watoto wa ng'ambo ya mto walikosa shule, na mwaka juzi mama mmoja alisombwa na maji, akapatikana hai akiwa amevunjika mguu. Sasa wanafunzi sitini na watatu huvuka hapa asubuhi na jioni, akiwemo binti wa katibu anayekusomea risala hii.

CHANGAMOTO

Changamoto ni moja. Jumamosi ya kumwaga zege la nguzo ya tatu ndiyo ilikuwa siku ya kwenda Webuye kwenye matanga ya baba wa mwenzetu Nalianya. Tulidhani tutamaliza mapema. Basi lilipofika saa sita, nguzo ilikuwa nusu. Fundi wetu, mzee Ondiek, alituambia, "Hii nguzo mkiiacha hapa, juu na chini hazitashikana." Tukamwambia tutamalizia Jumamosi ijayo, tukapanda basi.

Baada ya mvua za Aprili tuliona ufa palepale tulipoachia. Mwanzoni uliingia ukucha tu. Sasa kifuniko cha kalamu kinaingia. Nasi, kwa aibu ya kukupokea na ufa, tuliuziba na kupaka nguzo rangi nyeupe. Alhamisi ufa ulitokea tena juu ya rangi mbichi.

Jana watoto walivuka tukiwa tumesimama chini, tukihesabu mmoja mmoja. Hakuna kati yetu aliyethubutu kuwazuia, maana tungelazimika kusema kwa nini. Usiku tulikutana, tukaichana risala tuliyokuwa tumekuandalia na kuandika hii.

MAOMBI

Mhandisi, tunakuomba ushuke uikague nguzo. Ukisema ibomolewe, tutaibomoa, na safari hii itamwagwa kwa siku moja, hata kukiwa na msiba.

Wazazi, tusameheni. Kuanzia Jumatatu tutawasindikiza watoto kwa zamu kupitia njia ndefu ya barabara kuu, kabla hatujaenda kazini.

Ombi la mwisho ni kuhusu utepe. Umefungwa vizuri, kutoka upande mmoja wa daraja hadi mwingine. Tafadhali usiukate. Uache hapo hapo, uzuie watu wasipite.

Mungu akurudishe kwako salama, na awalinde watoto hawa kama alivyowalinda jana.

Ni sisi,
Klabu ya Majirani, Kitengela.
Imesomwa na katibu, Tabitha Namunyak.