Mshenga Aliyeachwa Amesimama

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, Baba Paroko na Sheikh wetu, mlioketi meza moja na kugawana birika moja la chai, Mzee Leo Ngonyani, baba wa bibi harusi ndani ya filamu na nje ya filamu, wazazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, vijana wa kikundi cha sanaa, nanyi mliosimama mlangoni, ambao hamkualikwa ila mmeitwa na harufu ya pilau: nawasalimu nyote. Walio wadogo, shikamoo zenu nimezipokea kwa jumla. Marahaba.

Mimi ni Mwalimu Mbawala, mstaafu, niliyewafundisha wengi wenu jiografia na wachache wenu mkaielewa. Vijana wameniomba niisifu filamu yao, "Posa ya Matogoro", tuliyomaliza kuitazama sasa hivi. Mwongozaji wake, binti yetu Tumpe, yule pale nyuma ya kamera, amenisihi: "Babu, tafadhali, useme yaliyo mazuri tu." Nikamjibu asiwe na wasiwasi, hotuba itakuwa fupi.

Kabla ya hapo, hebu tazameni meza ya pembeni. Kijana yule mwenye shati la bluu ni Oswald, fundi pikipiki wa Mfaranyaki, aliyecheza bwana harusi. Mnaona sahani yake? Haijaguswa. Anataka kumwoa Eufrasia, aliyecheza bibi harusi, na safari hii haigizi. Tangu kiangazi anasubiri neno moja kutoka kwa Mzee Leo, na Mzee Leo hajasema ndiyo wala hajasema hapana. Mshenga wake ni mimi. Kwa hiyo mkiona ninaizungukazunguka filamu, mjue ninaelekea wapi.

Sasa, filamu. Ndugu zangu, filamu hii ni mbaya.

Msipige makofi, mnawaumiza watoto. Nasema ni mbaya kama mwalimu anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi anayempenda. Bajaji ya Hassani imekuwa gari la mkwe, ikawa teksi, kisha ikabandikwa karatasi ikawa gari la polisi, na wakati wote huo maneno "Mungu Hamtupi Mja Wake" yanasomeka kwa nyuma. Kipaza sauti kilifungwa kwenye mpini wa fagio, na fagio hilo limeonekana kuliko baadhi ya waigizaji. Kule sokoni Oswald anamnong'oneza Eufrasia maneno matamu, jogoo wa jirani anawika, na mpaka leo hatujui aliambiwa nini. Halafu mvua inamnyeshea Oswald ilhali jua linamwakia Eufrasia, na wameshikana mikono! Nimefundisha hali ya hewa maisha yangu yote. Hiyo sikuifundisha.

Lakini swali mnalojiuliza ni jingine, maana nimewasikia mkinong'ona: tulikuwa tunacheka mambo ya mapenzi, mbona ghafla binti katekwa? Nani kaleta soksi za kufunika uso katika habari ya posa? Subirini, nitaeleza polepole.

Tumpe alihitaji sebule yenye makochi mazuri, na makochi mazuri Matogoro yako kwa Mzee Leo. Mzee akakubali kwa sharti moja. Alisema, "Katika nyumba hii baba ni mimi. Hamtaniletea baba mwingine akae kwenye kochi langu." Basi Tumpe akachukua sebule, na baba akaja pamoja nayo.

Siku ya kurekodi nikaingia kama mshenga, nimevaa koti langu la mahafali. Nikakuta Mzee Leo amelaza fimbo yake juu ya kiti nilichotakiwa kukalia. Kwa vijana ambao hamjui, katika ukoo ule mshenga akipewa kiti, posa imepokelewa. Akiachwa amesimama, anakunywa maji anakwenda zake, jibu bado. Nikasema maneno yangu yote nimesimama, ndivyo mlivyoona, na mkanicheka. Mzee hakuiondoa fimbo.

Tumpe akamwambia, "Baba, sema tu, 'Karibu mshenga, keti.'"

"Nikisema hivyo nimempokea."

"Lakini huu ni mchezo, baba."

"Mchezo uko wapi? Mshenga ni Mbawala huyu ninayemjua. Binti nimemzaa mwenyewe. Posa imetajwa mbele za watu, na hicho chombo chako hakisahau kama tunavyosahau wazee. Mkija na posa ya kweli, njooni bila kamera."

Mnaona kazi aliyopata mwongozaji? Filamu ya posa, na posa imekataa kupokelewa! Tumpe akawaza, akaona njia moja tu: kama binti hawezi kuposwa, basi atekwe. Mzee Leo alipoulizwa, hakupinga. "Kutekwa ni mchezo," alisema. "Kuposwa si mchezo."

Jioni ileile Oswald alikuja kwangu. "Mwalimu," akaniambia, "Mzee amesema kweli. Mimi sikuwa naigiza." Nikarudi Matogoro bila koti na bila kamera. Mzee Leo alinisikiliza vizuri, nikiwa bado nimesimama, kisha akaniuliza: "Kijana huyo nimemwona akilia mbele ya kamera, akaambiwa arudie, akalia tena vilevile. Siku akimlilia mwanangu, nitajuaje kama ni kweli?"

Mngejibuje? Mimi nilikunywa maji nikaondoka.

Sasa turudi kwenye utekaji. Mtekaji ni Jumanne, fundi cherehani, mtu mpole kuliko wote ukumbini humu. Akavaa soksi usoni, akampakia Eufrasia kwenye pikipiki, wakashika njia ya kuelekea msituni. Kosa ni kwamba hakuna aliyewaarifu kina mama waliokuwa wanavuna mahindi. Wakapiga yowe, majembe yakaja! Jumanne akatupa pikipiki akakimbia. Woga ule mliouona usoni mwake baada ya soksi kudondoka hakufundishwa na mtu. Na alipozingirwa, mtekaji wetu alisema nini? "Shikamoo, mama." Naye mama akajibu, "Marahaba, na usinyanyuke hapo!"

Ndipo mpini wa jembe ukainuliwa, na ndipo Oswald akaingia, akamlalia Jumanne mgongoni, na mpini ukatua begani kwa Oswald. Ndiyo maana mwisho wa filamu haueleweki. Shujaa anamkinga adui, na adui analia, "Ndugu yangu, umeumia?" Tumpe hakuuandika mwisho huo. Yeye aliendelea kurekodi tu, huku mikono inamtetemeka, ndiyo maana miti yote ya Matogoro ilikuwa inacheza.

Mzee Leo, hukuwepo siku ile. Umeyaona leo, pamoja nasi. Uliniuliza utajuaje. Filamu hii mbaya imenisaidia kukujibu. Hapo hakuna aliyemwambia Oswald arudie, na bega lake bado halijanyooka sawasawa, ndiyo maana kijiko anakitazama tu.

Nawashukuru vijana kwa jasho lao, nakushukuru Mheshimiwa Diwani kwa uvumilivu wako, na wapishi kwa kilichookoa hafla hii. Tumpe, mwanangu, wewe endelea kutengeneza filamu. Ila inayofuata uwaarifu wakulima mapema.

Nina ombi moja la mwisho. Mzee wangu alisema tuje bila kamera. Tumpe, zima hicho chombo.

Bado taa nyekundu inawaka. Zima, mama. Haya.

Tangu tumeingia humu, kiti kilicho kando ya Mzee Leo kimelaliwa na fimbo, na watu wawili wamekiomba wakafukuzwa. Sasa nawaomba mtazame, maana macho yangu ni ya kizee na sitaki kujidanganya. Ile fimbo, si ipo chini?

Basi asanteni sana kwa kunisikiliza. Nimesimama tangu kiangazi. Naomba niende nikakae.