Uvimbe wa Kaakaa Nilioutibu Kama wa Ngamia

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Alhamdulillahi! Sifa ni zake Allah aliyeniachia sauti ya kusimama nayo mbele yenu.

Mnanijua. Nimeadhini miaka mingi katika msikiti huu wetu wa Garissa. Mwaka juzi, nikisugua meno kwa mswaki wa mti, niligusa kijivimbe juu kwenye kaakaa. Hakikuuma, nikakidharau. Shemeji yangu wa Wajir aliwahi kuvimba mbele ya sikio; alipopasuliwa akaambiwa si kitu kibaya. Nikajiambia, wangu ni mdogo kuliko wake.

Uvimbe ukakua. Nikafanya tunalomfanyia ngamia: nikamwita mfugaji mwenzangu akanichoma shavu kwa chuma cha moto. Kovu ndilo hili. Ndugu zangu, uvimbe ulikuwa ndani, moto tukauweka nje!

Mke wangu Halima hakuvumilia.

"Baba Nasra, ngamia akikataa majani unampigia daktari wa mifugo kabla ya chai. Wewe hufikii hata thamani ya ngamia?"

"Nikikatwa kaakaa, nani ataadhini?" Hofu yangu yote ilikuwa hapo.

"Na ukizikwa, utaadhini?"

Nikaenda hospitali. Daktari, binti wa Mandera, alinieleza bila haraka. Uvimbe wa tezi za mate si ugonjwa wa kila siku. Mwingi hutokea kwenye tezi kubwa iliyo mbele ya sikio, na mwingi wa huo si saratani. Ndivyo ilivyokuwa kwa shemeji. Tezi ndogondogo zilizotapakaa mdomoni hupata uvimbe mara chache zaidi, na mahali unapotokea sana ni kaakaa.

"Lakini huo wa mdomoni, mzee wangu, karibu nusu huwa saratani. Udogo wake usikudanganye."

Kipande kikapimwa. Ilikuwa saratani, ya mwendo wa polepole. Upole huo ndio rehema niliyopewa, kwa maana muda niliuchezea mwenyewe kwa kiburi na woga.

Wakakata sehemu ya kaakaa. Nilipojaribu kutamka "Allahu akbar", sauti ilitokea puani kama upepo ndani ya debe. Nililia, mzee mzima. Kisha wakanitengenezea kibamba cha kuziba tundu. Nakivaa kila siku kama meno ya bandia. Chai haitoki tena puani, na maneno yamerudi mahali pake.

Ndugu zangu, mtegemeeni Allah. Lakini Mtume alitufundisha kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutegemee, na mimi wangu nilimwacha akizurura. Ukigusa uvimbe mdomoni usioondoka, hata usipouma, nenda ukapimwe. Usingoje uchungu ukulazimishe.

Sasa alasiri imeingia. Sauti yangu ina mkwaruzo, mtanivumilia. Nipisheni nifike kwenye kipaza sauti.