Mlango Mkubwa wa Mama Pindo

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake wa hospitali, akina mama wa kanisa, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia imempa mdogo wa mwisho wa marehemu, fundi viatu wa pale sokoni, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na kwa kuwa marehemu mwenyewe alikuwa akisema kwamba msomaji huyu akishaanza kuongea hajui breki ziko wapi, tunaomba mtuvumilie.

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Pindo, alizaliwa Ijumaa ya tarehe 14 Machi 1947, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa mpishi wa shule ya bweni na mkewe mfuma sweta, na sisi tuliokulia katika nyumba ile, hadi leo tukinusa sabuni ya mche popote pale, tunageuka kumtafuta mtu wa kutuambia tukaoge. Mtu huyo alikuwa yeye. Alitusugua visigino kwa jiwe, akatukagua nyuma ya masikio kama askari, na aliyelia aliambiwa alie haraka maana wenzake wako kwenye foleni.

Alianza shule ya msingi Januari 1955 na kumaliza darasa la nane Novemba 1962, akiwa hodari wa hesabu na mtihani mkubwa kwa mwalimu wa dini, kwa sababu kila hadithi iliposomwa yeye alinyoosha mkono kuuliza habari za watu ambao hadithi iliwapita, kwamba mke wa Nuhu aliitwa nani, na katika ile safina yenye wanyama wote wale ni nani aliyekuwa akifagia. Mwalimu alimwambia akae chini. Alikaa, lakini swali halikukaa, na mtaona mbele jinsi lilivyokuja kutuletea makubwa.

Baada ya mwaka mmoja na nusu wa mafunzo ya cherehani, na miaka miwili ya kushona sare za shule, aliajiriwa tarehe 2 Mei 1966 katika chumba cha mashuka cha hospitali, kile chumba cha chini chenye dirisha moja, mvuke wa pasi na rafu hadi darini, akafanya kazi humo hadi alipostaafu tarehe 30 Aprili 2002. Hapo ndipo alipopata jina la Mama Pindo, kwa kuwa hakuweza kuona pindo lililofumuka akalipa kisogo, awe nalo daktari, mgonjwa au mtu baki aliyesimama mbele yake benki, na sindano yenye uzi alitembea nayo chini ya kola maisha yake yote. Bwana harusi mmoja, ambaye leo amekaa kule nyuma na anajijua, alipigwa pindo la suruali akiwa amekwisha kusimama mbele ya mchungaji. Wasichana wote waliopita chumba kile aliwafundisha kukunja shuka kwa watu wawili, kila mmoja akishika kona mbili, mnasogeleana, mmoja anampa mwenzake kona zake, kisha anarudi kuokota mkunjo wa chini, na aliyeng'ang'ania kona zake aliambiwa kwamba hivyo shuka halitakunjika hadi kesho.

Alifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 20 Septemba 1969 na dereva wa gari la wagonjwa wa hospitali hiyo hiyo, aliyekuwa akifika chumba cha mashuka na sare iliyochanika kila baada ya siku chache, mpaka marehemu alipoichunguza akaona kwamba imechanwa kwa wembe, akamwambia kama ana neno aseme, nguo za serikali zinaisha. Walijaliwa watoto wawili wa kiume, wa kwanza mwaka 1971, akawa fundi umeme, wa pili mwaka 1975, ambaye ni mwalimu na amekaa hapa mbele. Shemeji yetu alifariki mwaka 2010, na leo dada analazwa pembeni yake.

Mtoto wa kwanza alioa mwaka 1995. Mkewe, ambaye ndiye mkwe mkubwa, ni msusi, alitoka mji wa mbali, na mwaka 1997 walihamia huko huko kwao kufuata kazi ya kutandaza nyaya, na tarehe 11 Aprili 1998 kijana wetu alianguka kutoka kwenye nguzo akafariki. Ilikuwa masika, daraja lilikuwa limesombwa, na marehemu alipofika mwanawe alikuwa amekwisha kuzikwa. Hakuuona uso wake. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe hakulisema, alirudi na mkwe wake, wakaingia ndani, na nyumba ile iliyokuwa haiishi vicheko ikawa inasikika saa ya ukutani tu.

Mwaka mmoja na nusu mkwe mkubwa aliishi pale, na hakuna aliyemlalamikia, isipokuwa marehemu alianza kumwona binti anafagia ua uliokwisha kufagiwa, anaosha vikombe visafi, anasuka vichwa vya mtaa mzima bila kuwaongelesha wenyewe. Jumapili moja ya Oktoba 1999, walipokuwa wanakunja mashuka uani, marehemu alimpa kona zake mbili, akamwambia, mwanangu, wewe umri wako bado, nenda kwa mama yako, na ukipata mtu mwema usiniombe ruhusa. Binti alilia, akasema haendi, akaambiwa aende, na kesho yake mama mkwe alimbebea begi hadi kituo cha basi.

Huku nyuma maneno yalikuwa mengi. Ndugu, baadhi yetu tukiwamo, tulisema binti hana shukrani, na alipoolewa mwaka 2001 na fundi wa kuchomelea vyuma, tukasema si mnaona. Wakati huo mkwe mdogo, mke wa mwalimu, alikuwa amekwisha kuingia katika familia, akawa anamtunza mama mkwe vizuri mno, ndipo watu wa kanisa wakaiona ile hadithi ya kale ya Naomi na wakwe zake wawili imekuja kukaa mtaani kwetu. Mnaijua. Naomi anaondokewa na mume na wanawe ugenini Moabu, anafunga safari ya kurudi kwao Bethlehemu, anawaambia wakwe zake warudi kwa mama zao, Orpa anambusu na kurudi, Ruthu anagoma na kufuatana naye. Basi dada akawa Naomi, mkwe mdogo akawa Ruthu, na mwingine tukamwita Orpa, na hatukulitamka jina hilo kwa wema.

Kila mwaka akina mama wa kanisa waliigiza hadithi hiyo, dada akilazimishwa kuwa Naomi, na nafasi ya Orpa ikiangukia aliyechelewa mazoezi, kwa kuwa Orpa alikuwa hana maneno, kazi yake ilikuwa kubusu na kutokea mlango wa pembeni, ule ulio kando ya stoo ya mifagio, huku watoto wakimzomea.

Mwaka 2003, akiwa amestaafu, marehemu alisafiri peke yake kwenda kwenye kaburi la mwanawe, akiwa na panga dogo kwenye kikapu kwa ajili ya magugu ya miaka yote ile. Panga halikutoka kikapuni. Alikuta kaburi limesakafiwa, limezungushiwa uzio wa chuma uliopakwa rangi mpya, na mlinzi wa makaburi akamwambia kwamba kuna mama msusi huja na mumewe, mume huchomelea palipolegea, mke hupanda maua, na mtoto wao hufundishwa kusalimia. Marehemu aliuliza njia, akaenda nyumbani kwao, na yule fundi, mwanamume ambaye hakuwa na deni lolote kwetu, ndiye aliyemchotea maji ya kunawa, na usiku akamwachia kitanda chake. Alikaa kwao majuma mawili. Aliporudi alikuwa anacheka tena, nasi hatukujua kwa nini.

Mazoezi ya mwaka uliofuata yalipoanza, alisema hawi Naomi mpaka Orpa atoke kwa mlango mkubwa. Akina mama walishangaa, mchungaji akaitwa, na dada yetu, aliyekwisha kungoja zaidi ya miaka arobaini tangu alipoambiwa akae chini, safari hii alisimama. Aliwauliza ni nani aliyewaambia wakwe warudi, kama si Naomi mwenyewe, sasa kati ya wawili wale aliyetii ni yupi. Aliwauliza Naomi alipokuwa mgeni kule Moabu ni nani waliomkaribisha, kama si akina mama wa wasichana wale wale. Kisha akauliza la mwisho, kwamba Naomi aliacha makaburi matatu Moabu, ya mumewe na wanawe wawili, na Ruthu amekwenda naye Bethlehemu, haya, niambieni makaburi yale alibaki nayo nani. Mchungaji alisema Maandiko hayakueleza. Naye akajibu kwamba Maandiko hayakumsema Orpa vibaya hata neno moja, tumemsema sisi, na kwamba yeye haoni mkwe mwema na mkwe mbaya, anaona mama aliyekuwa na watu huku na watu kule, Ruthu akamshika mkono mmoja na Orpa akamshikia upande wa pili.

Akapewa mlango wake. Mwaka ule Orpa aliigizwa na muuza mkaa wa njia panda, na Naomi akawa amewaagiza waumini wasimame wamuage, mkatii mno, kila mmoja akataka kumshika mkono, wengine wakampa salamu za kupeleka Moabu, fundi saa, mzee wetu, akatoa mfukoni nauli ya kweli akamkabidhi, hata Ruthu kule mbele akawa amekwisha kuolewa na kuzaa, na Orpa hajaufikia mlango. Tulicheka hadi mchungaji akaketi. Lakini walioketi karibu na Naomi waliona kwamba yeye hakucheka, alikuwa anamwangalia anayeondoka mpaka alipotoka.

Tukisema ukweli wote, mkwe mdogo hakufurahia. Jina la Ruthu lilimwelemea, maana Ruthu hachoki, Ruthu haendi likizo kwao, Ruthu leta maji, Ruthu mgeuze mama, na mwenzake aliyekwenda zake ndiye anayeshikwa mikono na kanisa zima. Kwa miaka mingi wakwe hawa wawili walisalimiana tu kwa adabu, na dada alilijua hilo, likamuuma.

Mwaka 2021 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, madaktari wakasema ni moyo kupanuka, naye akawaambia kwamba kwa familia aliyonayo ulikuwa hauna budi. Januari mwaka huu wa 2024 alilazwa, mkwe mdogo akimuuguza mchana, na mkwe mkubwa, aliyekuja bila kuitwa, akimuuguza usiku. Alimwita mkwe mdogo akamshukuru, tukisikia, akamwomba radhi kwa kumwacha aitwe Ruthu wakati ana jina alilopewa na mama yake, na akasema siku yake ikifika wakwe wote wawili wakae benchi la mbele. Alifariki asubuhi ya Jumanne ya tarehe 6 Februari. Shuka lake lilipotolewa kitandani, wakwe wake walilishika kona, mmoja huku na mmoja huku, wakasogeleana, na walipokutana katikati hawakuendelea kukunja, walisimama hapo na shuka lao mikononi wakalia.

Juzi katika kikao cha familia walikuwapo waliosema kwamba mwanamke aliye na mume mwingine si wetu tena, wakamtaja mkwe mdogo kuwa ndiye mfano wa mkwe. Yeye ndiye aliyewajibu, tena kwa sauti iliyosikika hadi jikoni, kwamba wasimfanye yeye fimbo ya kumchapia mwenzake, na kama benchi limejaa atampakata. Kikao kikaishia hapo. Kwa hiyo marehemu ameacha mtoto mmoja, wakwe wawili, fundi wa kuchomelea ambaye hatuna jina la udugu wake lakini ndugu ni ndugu, na wajukuu watano, na mtu atakayehesabu akadai kwamba wawili kati yao si wa damu yetu, ajue kwamba marehemu alikuwa hodari wa hesabu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, wenzake wa chumba cha mashuka waliomletea shuka lililopigwa pasi hata siku ambazo halikuhitajika, majirani mliopika na kuchota maji tangu Jumanne, akina mama wa kanisa, na mchungaji, ambaye amekubali, bila kubishana safari hii, kwamba jeneza halitatokea mlango wa pembeni ulio karibu na gari.

Jioni mkwe mkubwa atarudi kwake, ana nyumba yake, na ana kaburi letu la kuliangalia. Asiulizwe kwa nini halali. Muageni vizuri.

Lakini kabla yake yupo anayetangulia kuondoka. Dada yetu alitufundisha jinsi ya kumuaga mtu anayekwenda kwao, basi simameni, msiharakishe, kila mwenye mkono auguse ubao anapopita, mwenye salamu za kupeleka kwa waliotangulia ampe, na wewe fundi saa, mzee wetu, tunakuona unapapasa mfuko, safari hii nauli haitakiwi.

Mlango mkubwa uko wazi, dada. Nenda taratibu, pumzika kwa amani.