Bibi Idonea wa Haldeby na Jina Alilolitunza

Padri Aluredi, ndugu wa marehemu, majirani, na nyote mliokuja kwa njia hizi zenye matope: Sabina ameniomba niwasomee habari za maisha ya mama yake kabla hatujamlaza. Mimi ni Simoni, mwana wa Walta, mwana wa kambo wa marehemu. Sauti yangu ni ndogo, kwa hiyo mlio karibu na mlango sogeeni. Nilifundishwa kusoma majira matatu ya baridi tu, na haya nimeyaandika mwenyewe. Mkisikia kasoro, ni yangu, si ya marehemu.

Bibi Idonea alizaliwa hapa Haldeby siku ya Mtakatifu Lusia, tarehe 13 Desemba 1301. Alikuwa mtoto wa Bwana Giliberti wa Haldeby na Bibi Mahauti. Bwana Giliberti alikuwa mwana wa Fulko, na Fulko alikuwa mwana wa Rogeri, yule aliyejenga mnara wa kanisa hili akaishiwa mawe kabla ya kufika juu. Zaidi ya hapo wanasema babu yao alivuka bahari pamoja na Mfalme Wiliamu. Marehemu alipenda kusema kwamba kama wote wanaodai kuvuka siku ile wangevuka kweli, zile merikebu zingezama. Kaka zake wawili walikufa wadogo, ndiyo maana Haldeby ikawa urithi wake. Baba yake mdogo alimzaa Bwana Baldwini, ambaye tunaye leo, ameketi mbele upande wa kulia.

Naomba niseme mapema jambo ambalo kila mtu humu ndani analijua. Jumatatu ijayo mahakama ya askofu kule Lincoln itaamua kama ndoa ya tatu ya marehemu, aliyofunga na baba yangu, ilikuwa ndoa au haikuwa. Ikiwa haikuwa, Sabina ni mtoto wa nje ya ndoa, na Haldeby itakwenda kwa Bwana Baldwini. Nimejaribu kuandika wasifu huu bila kuligusa jambo hilo, nikashindwa. Nitalifikia mahali pake.

Masomo yake ya kwanza aliyapata kwa mama yake, aliyemfundisha kusoma zaburi kwa Kifaransa. Mwaka 1309 alipelekwa kwa watawa ajifunze kushona na kunyamaza. Kushona alijifunza. Lakini alikuwa na kipaji cha kupiga mluzi, na siku moja wakati wa sala ya asubuhi alipiga mluzi mbwa wote wa watawa wakaingia kanisani. Mkuu wa watawa alimrudisha nyumbani na barua fupi sana. Baba yake aliisoma, akamwambia, "Mwanangu, hapa wameandika kwamba una afya njema. Mengine sikuyaelewa."

Ndoa yake ya kwanza ilifungwa mwaka 1313, yeye akiwa na miaka kumi na mmoja, na Rogeri wa Skelholm mwenye kumi na mitatu. Walikula meza moja na kugombania farasi mmoja. Rogeri alikufa kwa homa mwaka 1315, mwaka ule wa mvua zisizokoma, kabla hawajaishi kama mume na mke. Marehemu alimwombea misa kila mwaka hadi mwaka jana. Alikuwa akisema, "Alikuwa rafiki yangu, na bado ana deni la mbio moja."

Ndoa ya pili ilifungwa mwaka 1317, na Bwana Reginaldi wa Thornholm, mtu wa miaka arobaini na minne. Bibi hakuulizwa kama anamtaka. Waliishi kwa heshima. Walizaa wana wawili, ambao tumewazika upande wa kaskazini wa madhabahu hii, na binti mmoja, Amabeli, ambaye sasa ni mtawa, na mtawa harithi ardhi. Bwana Reginaldi alikufa vitani Gaskonia mwaka 1324.

Sasa nafika kwa baba yangu. Walta alikuwa mtunza mwewe wa Bwana Reginaldi, wale ndege wa kuwindia. Mke wake wa kwanza, mama yangu Edita, alifariki siku niliyozaliwa, tarehe 22 Novemba 1318. Bibi Idonea alipobaki mjane, ndugu zake walimletea majina ya mabwana watatu wenye ardhi. Aliwasikiliza hadi mwisho, akawapa bia, kisha akasema, "Mara mbili mmenichagulia ninyi. Hii ya tatu naichagua mimi." Baba alikuwa akimwita mwewe kwa mluzi kutoka shamba la juu, na Bibi alimjibu kutoka dirishani, mwewe asijue aende kwa nani. Walioana katika kanisa hili Januari 1325, mchana, milango wazi, na Haldeby nzima ikaona. Wapo waliocheka kwamba bibi mkubwa kaolewa na mtu wa ndege. Sabina alizaliwa mwaka 1328.

Kuhusu kazi zake, nitataja moja. Mwaka wa tauni kuu, 1349, baba yangu alifariki mwezi Juni, na kati ya kila wavunaji watatu wawili walikuwa chini ya ardhi. Bibi Idonea alivaa buti za baba, akashika maksai wawili wa jembe, akawaongoza mwenyewe. Mzee Osberti, uliyeketi pale, ulimwambia, "Bibi, mfereji wako umepinda." Akakujibu, "Osberti, ngano haiangalii. Pita nyuma yangu upande mbegu." Hakuna aliyekufa njaa hapa mwaka ule. Waliobaki aliwapunguzia siku za kazi ya bure kwa bwana, na hakuzirudisha tena.

Huyu Mzee Osberti ndiye shahidi wa Bwana Baldwini, na nataka mjue kwamba hasemi uongo. Aliwaambia watu wa askofu hivi: "Nakumbuka siku alipoletwa mtoto wa Walta kubatizwa, kwa sababu siku hiyo hiyo nguruwe wangu aliingia kanisani. Nilimkimbiza hadi kwenye birika la ubatizo, na hapo nikamwona Bibi Idonea amempakata mtoto, padri akimpaka mafuta." Ni kweli. Alinipakata. Mwanamke aliyekuwa ameandaliwa kuwa msimamizi wangu alikwama ng'ambo ya mto uliofurika, na Bibi alikuwa amekuja kusali. Sasa sheria ya Kanisa tunaijua wote. Mwanamke akimsimamia mtoto katika ubatizo, amekuwa ndugu wa baba wa mtoto yule mbele ya Mungu, na hawezi kamwe kuwa mke wake. Hiyo ndiyo hoja ya Bwana Baldwini, na tangu sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli iliyopita ilionekana haina jibu.

Bibi mwenyewe hakuijibu. Kila alipoulizwa alisema tu, "Walta alikuwa mume wangu." Watu wakadhani hana la kusema. Hata mimi nilidhani hivyo.

Ugonjwa ulimwanza mwezi wa Februari. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na daktari wa Lincoln alimkataza bia na mikunga, wale samaki warefu wa mtoni. Alimtii daktari siku mbili. Kisha akaniambia, "Simoni, nenda mtoni. Daktari haoni mpaka hapa." Nilimpikia mikunga hadi Pasaka. Alifariki Jumatano ya wiki ya pili baada ya Pasaka, mwaka huu wa 1359, saa sita mchana, akiwa na miaka hamsini na saba. Sabina alimshika mkono, mimi nilikuwa nimefungua dirisha. Alikusanya midomo apige mluzi. Haikutoka sauti, ila mbwa wake mzee aliinua kichwa.

Alhamisi Mama Goda, mkunga, alikuja nyumbani kwangu. Nilikuwa napasua kuni kwa ajili ya msiba. Ana miaka zaidi ya themanini, na alikuwa ametembea mwenyewe. Alikaa juu ya gogo langu, akasema, "Weka shoka chini. Nina maneno ya Bibi, na sitaki uyapokee ukiwa na kitu kikali mkononi."

Akanisimulia siku niliyozaliwa. Nilianza kutoka kichwa, nikakwama, na rangi yangu ilikuwa mbaya. Mama yangu alikuwa anazidiwa. Mama Goda alifanya kama wakunga wote walivyofundishwa na padri: alichota maji, akayamwaga juu ya kile kichwa kilichokuwa kinaonekana, na kunibatiza kabla sijafa. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Sesilia.

"Nilikiona kichwa tu," aliniambia. "Kilikuwa na nywele nzuri. Nikasema, huyu ni binti. Nikakubatiza Sesilia, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Halafu ukatoka wote."

"Wakasemaje?"

"Shangazi yako alisema, 'Goda, huyu Sesilia ana kitu cha ziada.' Lakini maji yalikuwa yameshamwagika."

Walinipeleka kanisani, na padri wa wakati ule, Padri Hamo, alimhoji Mama Goda. "Ulitumia maji?" "Nilitumia." "Ulisema maneno yote?" "Yote, Padri, kwa lugha yangu. Kilatini sikuwa nacho karibu." Padri Hamo akasema ubatizo huo ni kamili, haurudiwi, na jina halibadiliki mpaka askofu apite na kipaimara. Kilichobaki ni chumvi na mafuta tu. Hapo ndipo Bibi Idonea aliponipakata.

Nilikuwa Sesilia kwa miaka saba na miezi kadhaa. Wenzangu wa rika walinifanyia nyimbo. Nilijifunza kutembea nyuma ya ua na kunyamaza mezani, na kunyamaza huko sijakuacha hadi leo. Askofu alipita mwaka 1326, akanipa jina Simoni. Nilitoka kanisani nikilia. Bibi Idonea, aliyekuwa mke wa baba yangu kwa mwaka mmoja na kitu, alipiga magoti kwenye matope akanifuta uso kwa kitambaa chake cha kichwa. Akaniambia, "Maadamu niko hai, jina lile halitatajwa katika nyumba yangu." Halikutajwa. Aliyelitaja kijijini aliambiwa na Bibi kwamba lilikuwa utani tu, kwa sababu ya nywele zangu. Tauni iliwachukua karibu wote waliojua, na waliosalia wakaamini ni utani.

Mama Goda aliponiambia hayo, mimi sikuona yanahusiana vipi na shauri la Lincoln. Nilikwenda kumuuliza Padri Aluredi. Alikaa chini. Akasema, "Simoni, kama Goda alikuwa ameshakubatiza, basi birikani hapakuwa na ubatizo. Bibi alipakata Mkristo tayari. Hakuwa msimamizi wako, na hakuna kizuizi kilichoweza kuivunja ndoa ile." Tulifungua kitabu cha misa cha kanisa hili. Pembeni, kwa mwandiko wa Padri Hamo, kuna mstari: "Sesilia, mwana wa Walta mtunza mwewe, aliyebatizwa nyumbani na Goda mkunga, amepewa jina Simoni katika kipaimara, 1326." Kitabu kiko pale madhabahuni. Bwana Baldwini, nakukaribisha ukisome baada ya mazishi.

Nilirudi kwa Mama Goda nikamuuliza kwa nini Bibi hakusema, na urithi wa binti yake unaondoka.

"Nilimgombeza mimi mwenyewe," alisema. "Nilimwambia, Bibi, mtoto huyo sasa ana mvi. Akanijibu, 'Nilimwahidi maadamu niko hai, Goda. Siko mbali na kuimaliza ahadi hiyo. Nikishakufa mwambie. Akitaka kusema atasema. Akinyamaza, mtu asimlaumu, na Sabina ana mikono ya kufanyia kazi.'"

Ijumaa nilimsomea Sabina maandishi haya, kwa sababu sikutaka ayasikie mara ya kwanza mbele yenu. Nilipofika kwenye lile jina nilisimama. Sabina akasema, "Utoto wangu wote nililia nataka dada wa kucheza naye. Kumbe alikuwa zizini anakamua ng'ombe." Alicheka hadi akalia, nami nikacheka pia, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nimelicheka jina hilo.

Marehemu ameacha binti wawili, Amabeli mtawa, na Sabina. Ameacha mkwe, Tomasi, na wajukuu wanne: Mahauti, Giliberti, Walta, na mdogo ambaye jana alijifunza kupiga mluzi na hatujui tumzuieje. Ameacha binamu yake, Bwana Baldwini. Ameacha rafiki yake Goda. Na ameacha mwana wa kambo, Sesilia wa Walta, aitwaye Simoni, ambaye Jumatatu atasimama Lincoln na kulitaja jina hilo kwa sauti itakayofika mlangoni.

Bibi Idonea, ahadi yako umeitimiza yote. Sasa pumzika, mama, kwa amani uliyoichuma mwenyewe.