Mvua ya Upande Wetu

Wapendwa mliokuja kuzika pamoja nasi, mimi ni Ermite, mdogo wake marehemu anayemfuata, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu Théramène Luberisse, nami nitayasoma yote, hata yale ya kuona haya, kwa sababu mwenyewe aliniomba nisimpambe.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 hapa Belladère, mtoto wa kwanza wa mama yetu Cléanthe, ambaye kila siku ya soko alivuka mpaka kuwauzia Wadominika wa nchi jirani vitunguu, na huko ndiko kaka alikojifunza Kihispania kabla hata hajajua kusoma vizuri. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari akasoma Hinche, akafaulu hesabu, akapelekwa nje ya nchi kusomea hali ya hewa, na mwaka 1984 akaajiriwa katika ofisi ya utabiri mjini Port-au-Prince. Tarehe 20 Desemba 1986 alimwoa wifi yangu Odanie, binti wa kijiji cha Ravin Kalbas, wakajaliwa watoto watatu, Guerda, Evens na Mirlène.

Tulijivuna naye mno, kila asubuhi sauti yake ilipoanza redioni mama aliwanyamazisha majirani wote, lakini ofisi ile ilikuwa ofisi kwa jina tu, vituo vya mikoani vilikuwa vimekufa kimoja baada ya kingine, vipima mvua vimevunjika, rada waliyopewa na wafadhili imeharibika na fundi hakuna, na bado walitakiwa waseme kitu kila siku. Basi kaka akawa anawasha televisheni ya Wadominika, anaangalia ramani yao, anatafsiri, anatusomea kama yetu. Rangi za ramani ile ziliishia mpakani, upande wetu ulikuwa mweupe mtupu, naye akaujaza kwa kukisia, na wakubwa zake walijua.

Tarehe 11 Oktoba 1996 alitangaza kwamba hali itakuwa shwari. Watu wa Ravin Kalbas walikuwa na sikukuu ya mtakatifu wao, wakamsikia, wakalala kando ya mto pamoja na wageni, na mvua ikanyesha milimani upande wetu peke yake, mto ukashuka ukawachukua wengi, akiwemo mama yake Odanie. Baada ya mazishi wifi alimuuliza, "Théramène, hiyo shwari uliitoa wapi?" naye akamwambia ukweli. Wifi hakumwacha, ila tangu siku hiyo sauti ya mumewe ikianza redioni, aliizima.

Kaka aliomba vifaa, akaomba tena, wakaletewa kituo cha kisasa cha kupimia mvua kisicho na betri, wakubwa wakapiga nacho picha. Mwaka 2009 alisimama kanisani Ravin Kalbas akakiri mbele ya wote, na Mama Saintanise, aliyepoteza mwanawe mtoni, hakumtukana, alisema, "Haya, mwanangu, yamepita. Na leo je, mnajua?" Kaka akajibu, "Bado, mama." Aliniambia kwamba angetukanwa angeona nafuu.

Alistaafu mwaka 2018, kisukari kikamshika, kikamla figo, na tarehe 3 Juni 2023 alifariki hospitalini, Odanie akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopika kahawa na kukesha nasi, na wenzake wa ofisini mliosafiri kutoka mjini, ambao nawaona mmeinamisha vichwa, na siwalaumu peke yenu. Kwa namna ya pekee tunawashukuru watu wa Ravin Kalbas, mlioomba kulibeba jeneza, na mliokuja na maturubai yenu wenyewe, ingawa redio imesema leo ni jua.

Lala salama, kaka, aibu hii tuachie sisi tulio hai.