Bibi Giza na Pipa la Spuli

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bibi Giza anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kusafisha picha katika maabara yetu. Mhariri wa jarida la kampuni ameniomba mimi, niliyekuwa meneja wake, niandike maneno matamu. Ugonjwa nilio nao hautangoja toleo lijalo, kwa hiyo nitaandika ya kweli.

Kamera za kila aina zilipita mikononi mwake. Kwenye chumba cha giza, ili ajue upande, aligusisha ukingo wa filamu mdomoni. Upande unaonata ndio wenye picha. Wenzake wakamuuliza kama imekolea chumvi. Akawajibu kwamba imekolea kuliko mboga za wake zao.

Zikaja kamera za dijitali, na viwanda vikaacha kutengeneza filamu za zile kamera za sanduku zinazotumia spuli nyembamba za chuma, vile vigurudumu vya kuzungushia filamu. Niliamuru spuli zote zitiwe kwenye pipa zikatupwe. Nikasema mbele ya watu kwamba hapa ni maabara, si makumbusho, na mwenye mapenzi na kutu akaolewe na fundi bati. Wote wakacheka. Bibi Giza akalibeba pipa, akatoka nalo, wala hakulimwaga.

Leo vijana wamefufua kamera za babu zao. Filamu ya siku hizi haiingii humo mpaka ihamishiwe kwenye spuli zile zile, gizani, kwa mkono. Na spuli zinatoka wapi? Kwenye pipa la Bibi Giza. Huwaazima, na anayechelewa kurudisha huitwa mjukuu mwizi mbele ya foleni nzima. Kuna aliyefungua kamera juani aone kama picha zimetoka, mwanga ukaiunguza filamu yote. Alichekwa kwanza, akafundishwa baadaye.

Uongozi nao umebandika bango mlangoni: "Tumefufua filamu." Mmefufua nini nyinyi? Mpaka jana mlimwita makumbusho, tusi nililowarithisha mimi. Sasa mnampa saa ya ukutani, na Jumatatu chumba cha giza kinageuzwa stoo. Hamna hata haya!

Basi sikieni. Matangi na mashine ya kusafishia picha nilikuja navyo mwenyewe tulipofungua. Havijawahi kuwa vya kampuni. Nimempa Bibi Giza. Mwanangu atakuja na gari kuvichukua Ijumaa, kabla ya hotuba za kumuaga. Bango bakini nalo.

Bibi Giza, nisamehe lile tusi, na asante kwa kutonitii. Nakutakia uzee mwema, na foleni ndefu mlangoni kwako.