Walinililia Nikiwa Hai ili Edita Asome

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana anayewasalimu amekwisha kuliliwa msiba wake, na bado anatafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yake mwenyewe. Mimi ni Bibi Yustina wa Bombambili, hapa hapa Songea. Shule niliishia darasa la nne na mkono wangu ni mzito, mnivumilie.

Nina mjukuu anaitwa Edita. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, nikamlea mimi. Najivuna naye na sitamwomba mtu radhi! Alimaliza chuo kikuu, akapata kazi ya serikali kule Tunduru, halafu siku moja akaja kuniambia anataka kurudi shule, anataka masters. Nikamuuliza masters ya nini. Akasema ya sera za umma. Nikasema, "Sera ni ugonjwa au ni zao?" Alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba ni kusoma kwa nini serikali inaamua hivi na si vile. Kwa nini bei ya mbolea imepanda hivi, kwa nini siku hizi hospitali unatoa hela dirishani kabla hujaguswa, kwa nini ushirika hauji tena kuchukua mahindi yetu. Nikamwambia, "Basi nenda kaulize haraka, na sisi huku tunataka kujua."

Akaomba. Walitaka vyeti, walitaka walimu wa kumsemea, walitaka aandike mwenyewe kwa nini anastahili. Aliandika habari za mbolea yetu, akanisomea, nikalia. Kisha tukasubiri. Ndugu zangu, kusubiri ni kazi ngumu kuliko kulima! Kila niliposikia kengele ya baiskeli nje, nilitoka mbio nikidhani ni barua yake.

Akakubaliwa! Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna mtoto amezaliwa. Lakini furaha ile haikumaliza wiki. Miaka ile, mnaikumbuka, serikali ilikuwa imeanza kusema kila mtu achangie. Ofisi yake ilimpa ruhusa, ada haikumpa. Ilitakiwa sehemu ya kwanza ilipwe benki, Dar es Salaam, kabla chuo hakijafunguliwa. La sivyo nafasi anapewa mwingine. Huyo mwingine nilimwota! Nilimwona amesimama mlangoni na begi lake, ananitazama.

Niliuza nguruwe wangu wote. Mwanangu Kosmas, anayeuza mitumba Majengo, alitoa alichoweza. Haikutosha. Nikaangalia ndani ya nyumba nione kuna nini tena cha kuuza, sikuona, isipokuwa kitu kimoja ambacho hakikuwa ndani ya nyumba. Kilikuwa ni kifo changu.

Msishtuke. Sisi akina mama wa mtaani tulikuwa na kikundi cha kuzikana. Unachanga miaka na miaka, ukifa unapata jeneza la mbao nzuri, sanda, chakula cha waombolezaji, na kitu kidogo cha kuwaachia wafiwa. Kwa mjane kama mimi lile jeneza lilikuwa heshima yangu. Nilishaona watu wanavyozikwa kwa kuokotezwa, nikaapa kwamba mimi sitazikwa hivyo. Nikaenda kwenye kikao, nikasimama, nikasema, "Naomba fungu langu la kuzikwa mnipe leo. Jina langu mlifute. Siku nikifa nifungeni kwenye mkeka."

Ndugu zangu, walinirukia! Mwenyekiti wetu, Mama Gaudensia, akasema, "Dada Yustina, kikundi hiki kinazika, hakisomeshi. Tukikupa wewe, kesho kila mtu atakuja kudai jeneza lake akanunue mabati." Mwingine akasema najichulia kifo. Mwingine akauliza, msichana mzima ana kazi, hana mume, masters atamlalia kitandani? Sheria yetu ilikuwa moja tu, hela hazitoki mpaka kuwe na msiba. Nikakaa chini. Nilijua imekwisha.

Sasa palikuwa na Mama Vumilia, Mbena wa Njombe, mtani wangu. Mnajua Wabena na sisi Wangoni ni watani, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ya mzaha ambayo mtu mwingine hana. Huyo mama akainuka kimya, akavua kanga yake, akanisukuma kwenye mkeka, akanifunika gubigubi. Kisha akaangua kilio! "Uuuwi! Mngoni amekufa! Nilimwambia asishindilie panya wengi, kitoweo chao Wangoni, hakusikia! Jamani mzikeni, atatuharibia hewa! Mwenyekiti, hela ziko wapi? Au mnataka mimi Mbena nilale na maiti ya Mngoni?" Mimi chini ya kanga sijui nicheke au nilie. Akina mama walicheka mpaka machozi, halafu yale machozi yakageuka, nikasikia watu wanalia kweli. Mama Gaudensia akajifuta macho kwa kanga. Mwisho akasema, "Mtani ameshalia, kwa hiyo msiba upo. Leteni kisanduku."

Walinipa fungu langu lote, jina wakalifuta mbele yangu. Edita akapanda basi la Dar es Salaam.

Hapo ningependa kusema hadithi imekwisha, lakini haikuwa hivyo. Edita hajafika hata huko, homa ikaniangusha. Si homa ya kawaida, ilinitikisa hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta. Mtaani wakaanza kunong'ona: walimzika kwa mzaha, sasa anakwenda kweli. Na mimi niliamini! Nililala nikiwaza mkeka. Nikawaza udongo unavyoingia kwenye mkeka. Niliikamata rozari lakini maneno hayakuja, ulikuja mkeka tu.

Kosmas alipoona nimeacha hata uji, moyo wake ukashindwa. Akapiga simu Dar, kwenye duka la jirani wa ndugu yetu alikofikia Edita, akamwambia mama anakufa na hana cha kuzikiwa. Akarudi kuniambia, "Mama, tulia. Edita anarudi na hela. Utazikwa vizuri."

Ndugu zangu, nilisikia kama nimemwagiwa maji ya kisima! Siku ya mwisho ya kulipa benki ilikuwa kesho yake. Baada ya hapo, yule mwenye begi anaingia. Nikageukia ukuta, nikasema, "Yesu, nimeuogopa mkeka kuliko nilivyokuamini. Nichukue ukitaka, nizike unavyotaka, ila mtoto huyu asirudi." Sikusali zaidi ya hapo. Nikaomba viatu.

Kosmas alikataa, akasema nimeweuka. Mama Vumilia ndiye aliyenishika mkono, ananitukana njia nzima, "Maiti gani hii inatembea? Ninyi Wangoni hata kufa hamjui!" Tukafika posta. Foleni. Jasho la homa linanitoka, na kila mtu mbele yangu anaongea na simu kana kwamba ameinunua. Lakini pale kwenye foleni ndipo Bwana aliponitendea! Nilijikuta nauwaza ule mkeka, na hauniumi. Ulikuwa mkeka tu, wa ukindu, kama ule ninaoanikia mahindi. Hofu ilinitoka kama mtu anavyoshusha kuni kichwani. Homa nilikuwa nayo bado, hofu sikuwa nayo!

Dukani kule wakamwita Edita. Alikuwa ameshafunga begi. Akaanza kulia, "Bibi, nakuja."

Nikamwambia, "Ukija sikufungulii mlango. Nenda benki."

"Na ukifa, Bibi?"

"Walishanililia, mama. Wewe utakuja kulia likizo."

Akalipa. Kesho yake alilipa, ndugu zangu, na nafasi ikawa yake! Homa ilichukua muda wake, nikapona taratibu. Edita alisoma kwa shida, akafua nguo za watu, akamaliza. Leo yuko ofisini, na akija nyumbani tunabishana habari za mbolea mpaka chakula kinapoa.

Jina langu kwenye kikundi halikurudi, na sikuomba lirudishwe. Naenda misibani kupika kama zamani. Atakayenizika simjui, na nalala usingizi! Asante Yesu! Asante Mama Maria! Asanteni akina mama wa Bombambili, na wewe Mbena, Mungu akulipe hata kwa matusi yako.

Sasa nakuuliza wewe unayesoma hapo. Umeweka nini kwa ajili ya kaburi lako, na nyumbani una mtoto amekaa anatazama barabara? Nenda kakitoe, mtoto akasome. Utatetemeka, nakwambia kweli, hata mimi nilitetemeka. Mwambie Bwana unatetemeka, kisha uombe viatu.